Nilimwambia mfiwa kwamba anayemjia usiku ni shetani

Shangazi, assalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni binti wa Wete, Pemba. Nasoma shahada ya uzamili hapa Sendai, kaskazini-mashariki ya Japani, kwa ufadhili wa serikali ya huku. Nilifika Aprili, ndipo mwaka wao wa masomo unapoanza. Somo langu ni mwani, kitu ambacho mama na shangazi zangu walikuwa wakikilima ufukweni kabla sijazaliwa, kwa hiyo maabara hainishindi. Yanayonishinda ni mambo mawili, na siku hizi yameingiana hata sijui lipi lilitangulia.

La kwanza ni chumba. Nimepanga kwa yen 28,000 kwa mwezi, bei ambayo wenzangu wakiisikia hutazamana. Dirisha linaelekea makaburi ya hekalu. Makaburi yenyewe hayanitishi. Kwetu ya ukoo yako nyuma ya jiko. Lakini tangu Juni napatwa na jinamizi. Macho yamefunguka, nasikia friji inavyonguruma, lakini mkono hauinuki, kifua kimekaliwa, na miguuni pa kitanda kuna mtu amesimama. Nikitaka kusoma Ayatul Kursiyy ulimi unakuwa mzito.

Niliwasimulia wa maabara. Wakasema hata wao wanalijua, wanaliita kanashibari, wakacheka kidogo, kisha mmoja akauliza nalipa kodi kiasi gani. Nilipomtajia akasema pengine ni jiko bukken, yaani nyumba ambayo mtu amefia vibaya, kajiua au kauawa, au kafa peke yake akakaa siku nyingi bila kujulikana, ndiyo maana wanapangisha rahisi. Tangu siku hiyo taa yangu haizimwi.

Mama nilimwambia, na bora nisingemwambia. Akasema moja kwa moja ni popobawa, yule jini anayesemwa kuwavamia watu usingizini. Mwaka 1995 yeye alikuwa msichana, mtaa mzima wakilala nje, wamebanana, moto unawaka mpaka alfajiri, na mpaka leo akisimulia hushusha sauti. Anataka nihame. Kama siwezi kuhama, anitumie zafarani niandike kombe ninywe. Na kwa sasa niwashe Qur'ani kwenye simu usiku kucha. Nikawasha. Hazikupita siku nyingi nikakuta kikaratasi kwenye masanduku ya barua ya jengo zima, kimechorwa mtu ameziba masikio, kinaomba wapangaji wote wajali sauti za usiku. Hakuna aliyenigongea mlango wala aliyetaja jina langu. Lakini najua ni mimi, na nikipishana na jirani kwenye ngazi naona haya hata kumsalimia.

La pili ndilo linaloniuma. Nina mwenzangu maabara, nitamwita M. Ndiye aliyenipokea stesheni siku ya kwanza, akanifundisha takataka zipi zitolewe siku gani, akanisindikiza benki na manispaa. Agosti akanialika kwao Ishinomaki kwa Obon, zile siku ambazo wao husema wafu hurudi kutembelea nyumba zao. Bibi yake alikuwa ametupikia samaki na supu ya wakame, mwani wa kwao. Alikuwa amenunua sosi ya soya isiyo na kileo kwa ajili yangu, chupa haijafunguliwa, akanionesha lebo kwa kidole ili nisiwe na wasiwasi.

Mbele ya butsudan, kabati lao la kuwakumbukia wafu, palikuwa na picha ya mumewe amevaa mabuti ya mpira, na chini ya picha tango na biringanya, kila kimoja kimechomekwa vijiti vinne kuwa miguu. M akanieleza kwamba tango ni farasi, ili marehemu aje mbio, na biringanya ni ng'ombe, ili aondoke polepole. Mzee alikuwa akilima wakame. Tsunami ya 2011 ilimchukua, na hajaonekana mpaka leo.

Wakawasha ubani, wakapiga magoti mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikatikisa kichwa nikarudi nyuma mpaka ukutani. Hilo pengine wangelimeza. Lakini tulipokaa kula, bibi akasema kuna usiku humsikia mzee akivua mabuti mlangoni. Alisema huku anatabasamu. Mimi sijui nilipandwa na nini, labda usingizi wa siku nyingi, labda woga wangu mwenyewe, nikasema kwa Kijapani changu cha kuokoteza kwamba kwetu mtu akifa harudi, na anayekuja kwa sura yake ni shetani. Neno la jini silijui. Hakuna aliyejibu. Bibi akainuka kwenda kuongeza supu.

Tangu turudi, M ananijibu kwa adabu ya karani wa benki. Hakasiriki, hanuni, ila si yule. Na wengine waliponialika kwenda usiku kwenye handaki moja wanalosema lina mzimu, kupimana ushujaa, nikakataa, kwa hiyo sasa nadhani wanaona najitenga.

Shangazi, nimwombe vipi M radhi bila kuikana dini yangu? Na chumba nihame, au nivumilie?

Mwana wa Wete, Sendai

*

Wa alaykumu ssalaam, na marahaba mwanangu.

Naanza na la bibi, kwa sababu la chumba lina dawa na hili linataka kazi.

Kwanza nikutue mzigo mmoja. Kukataa ubani hakukuvunja urafiki wenu. Familia iliyohangaika madukani kukutafutia sosi isiyo na kileo ilikwisha kukupokea pamoja na dini yako kabla hujavua viatu mlangoni. Kilichouma ni ile sentensi ya mezani, na hiyo usiitetee kwa aya wala kwa hadithi, hata moyoni. Bibi hakukuuliza roho zinakwenda wapi. Alikuwa akikuhadithia mumewe. Umealikwa matangani, ukajibu kama umeitwa kwenye mtihani wa akida.

Nakwambia hivi kwa ukali kidogo kwa sababu wewe ni wa Pemba na unayajua haya kuliko wanafunzi wengine wote hapo chuoni. Mwaka ule ule wa 2011, miezi sita baada ya tsunami ya Machi 11, usiku wa kuamkia Septemba 10, MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kuja kwenu. Wewe ulikuwa mtoto, lakini umekulia kati ya watu waliobaki. Maiti zilizopatikana zilikuwa zaidi kidogo ya 200, na waliobaki baharini ni wengi kuliko hao. Hujapata kumsikia mama mmoja akisema mwanawe amemjia, amekaa ukingoni mwa kitanda, nguo zake kavu? Sasa niambie, ni nani pale barazani aliyemjibu kwamba huyo ni jini? Watu humwitikia, humwombea marehemu, mmoja akainuka kwenda kumtilia chai. Shekhe akiwepo naye hunyamaza, na yeye ndiye anayeijua akida kuliko wote waliokaa pale. Mtu ambaye hakuzika hana kaburi la kwenda kuzuru. Anachobaki nacho ni vishindo vya mabuti mlangoni, na wewe ukataka kumnyang'anya hata hivyo.

Ishinomaki, mwanangu, ndio mji uliopoteza watu wengi kuliko yote katika maafa yale, zaidi ya 3,000. Katika nchi nzima wapo zaidi ya 2,500 ambao mpaka leo hawajaonekana. Mwanafunzi mmoja wa sosholojia wa huko huko kaskazini-mashariki aliwahi kwenda kuwahoji madereva wa teksi wa mji huo, na mwaka 2016 magazeti yakaiandika sana kazi yake. Dereva mmoja alimweleza kwamba, miezi michache baada ya tsunami, mwanzoni mwa kiangazi, alipakia mwanamke aliyevaa koti la baridi karibu na stesheni. Mwanamke akaomba apelekwe Minamihama. Dereva akamwambia kule hapana kitu tena, ni viwanja vitupu, una hakika? Mwanamke akauliza kwa sauti ya kutetemeka: je, mimi nimekufa? Dereva alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Wewe ukiisikia hiyo pengine utasoma kinga. Mimi nilichokishika ni mwisho wake. Mita ilikuwa imeshaanza kuhesabu, na madereva waliopatwa na mambo kama hayo walilipa nauli kwa fedha zao wenyewe. Walipoulizwa kama wanaogopa, wakasema abiria wa namna hiyo akisimamisha gari tena watampakia. Hawakutafuta mtu wa kuja kumfukuza. Ni wenyeji wa mji ule, na baadhi yao wamefiwa katika maji yale yale. Na kule Otsuchi, mkoa wa jirani wa Iwate, kuna kibanda cheupe bustanini chenye simu ya zamani isiyounganishwa na waya wowote; watu husafiri kutoka mbali, wakaingia, wakazungusha namba ya nyumba isiyokuwepo tena, wakazungumza wanayotaka kuzungumza, wakakata. Bibi wa M ni wa pwani hiyo hiyo. Ukilielewa hilo, radhi utaiomba vizuri, maana utajua unaombea nini.

Sasa namna yenyewe. Usimwandikie M ujumbe mrefu katikati ya usiku, na usimwombe radhi mbele ya maabara nzima, utamtia aibu yeye badala ya kuiondoa yako. Msubiri wakati wa kutoka, mkiwa wawili. Sema maneno machache: siku ile kwa bibi nilisema neno baya kwa mtu aliyefiwa, limenikaa moyoni tangu siku hiyo, naomba unisamehe na uniombee kwa bibi. Basi. Usitie "lakini", usianze kueleza majini ni nini katika Uislamu. Akikuuliza, hapo utaeleza.

Na akikaa kukusikiliza, mhadithie Spice Islander. Usimhadithie kwa kujitetea, mhadithie kwa sababu ni kweli na ni yako. Sidhani M anajua kwamba kuna kisiwa upande wa pili wa bahari kinacholima mwani kama pwani ya kwao, na mwaka ule ule, wake na waume na mama wa kisiwa hicho walisimama ufukweni wakingoja maiti ambazo hazikuja. Umekaa naye miezi yote hiyo mkipima chumvi ya maji na urefu wa majani ya mwani, na hili hujamwambia. Ningekuwa mimi ningelianza nalo zamani.

Bibi naye usimwache. Mwishoni mwa Septemba, siku na usiku zinapolingana, wana wiki wanayoiita Higan, watu huenda makaburini na kuwakumbuka wafu wao. Nunua sanduku la vitu vitamu au matunda mazuri, dukani watakufungia kwa karatasi hata usipowaomba, utie kadi uliyoiandika kwa mkono wako, hata kama herufi zimepinda, umpe M ampelekee. Bibi huenda akaliweka kwanza mbele ya picha ya mumewe kabla ya kulifungua, ndiyo desturi. Wewe umempa bibi zawadi, yeye kuiweka wapi ni nyumbani kwake. Moyo ukisita, msikiti upo hapo hapo Sendai, muulize imamu; maswali ya wanafunzi kama wewe ameshayazoea, na mimi si mufti.

M asipochangamka siku ile ile, usimfuatefuate. Huko msamaha mara nyingi hautangazwi. Utaujua siku atakapokuwekea kiti kantini bila kusema kitu.

Na ukialikwa tena, sema mapema. Siku kadhaa kabla, mwambie mwenyeji: nitafurahi kuja, nitakaa nanyi, ila ubani sitoshika, msinielewe vibaya. Wanachokiogopa wenyeji wa Kijapani ni kustushwa mbele ya watu, kuliko kukataliwa. Ukiwaambia kabla, watakupangia pa kukaa. Wakati wenyewe ukifika, kaa nyuma kidogo, shusha macho, nyamaza. Kwenda kuhani unakujua tangu utotoni. Wao wana siku ya 49, sisi tuna arobaini, na harufu ya ubani ni ile ile iliyokuwa ikitoka chumbani kwa bibi yako.

La handaki, umefanya vyema kutokwenda, sina zaidi. Kiangazi Japani ni msimu wa hadithi za kutisha, wanasema mwili ukisisimka joto hupungua, na vijana lazima watafute pa kutishana. Ila usikatae ukaishia hapo. Waambie: handaki siendi, twendeni Tono. Ni mji wa Iwate, na masimulizi ya wazee wake yalikusanywa yakachapishwa mwaka 1910; mji mpaka leo unaishi kwayo. Mtoni kwao kuna kappa, kiumbe mwenye kisahani cha maji utosini, mpenda matango, anayevuta watoto na farasi chini ya maji. Watu wa utalii wanauza kibali cha kumkamata, na kibali kina masharti: usimjeruhi, usimwage maji ya kichwani mwake, chambo kiwe mboga mbichi. Wewe uliyetishwa chunusi, yule jini wa baharini, ili usiogelee peke yako mkondoni utamjua kappa mara moja, na kazi yake utaijua. Huko huko Iwate wana pia zashiki-warashi, mzimu wa mtoto anayekaa vyumbani. Nyumba aliyomo hutajirika, akihama hufilisika. Kijiji cha Kindaichi kina nyumba ya wageni iliyopata jina kwa ajili yake. Watu hulipa kwenda kulala humo wakitumaini kumwona, na humwachia wanasesere. Iliungua 2009, ikajengwa upya. Mwambie mama yako kwamba huku kuna jini anayepangiwa foleni, aone dunia ilivyo kubwa.

Nawe uwapelekee zako. Waambie Pemba mbinja haipigwi usiku na kucha hazikatwi usiku. Watapiga makofi, kwa sababu wao wana hayo hayo mawili: mbinja ya usiku huita nyoka, na anayekata kucha usiku hatokuwepo wazazi wake wakikata roho. Wasimulie popobawa pia, kwa sauti ile ile ya mama. Hapo utakuwa mwenye hadithi, na mwenye hadithi hachekwi.

Tuje kwenye jinamizi. Unaloeleza, macho wazi, mwili umefungwa, uzito kifuani, mtu miguuni, linajulikana duniani kote na madaktari wa usingizi wanalijua vizuri. Wakati wa kuota, ubongo huilegeza misuli ili usiinuke ukaanza kukimbia ndoto. Mara nyingine fahamu hurudi kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto haijamalizika, basi unaiona ndoto imesimama chumbani kwako. Huchukua sekunde chache, aghalabu dakika moja au mbili. Huzidi kwa mtu asiyelala vya kutosha, anayelala saa zisizo na mpango, mwenye mawazo, na anayelala chali. Wewe una yote manne, naapa. Watafiti walioandika juu ya popobawa wameona hilo hilo: waliojiwa wengi walieleza kuzinduka wakashindwa kujitingisha.

Kwa hiyo lala ubavu wa kulia, ambao tena ni sunna. Lala na uamke saa zile zile, hata Jumapili. Taa zima, mwanga wa usiku kucha unaharibu usingizi na unalilea jinamizi lenyewe. Likikujia usipigane kuinua mkono; tingisha kidole kimoja cha mguu, au vuta pumzi taratibu, litakuachia. Ayatul Kursiyy soma kabla ya kulala, kwa mdomo wako, kama ulivyofundishwa madrasani. Simu iwekee kipimo izime, au vaa visikilizio. Kuta za majengo yale ni nyembamba, na jirani yako anaamka kwenda kazini. Usimwogope kwenye ngazi: msalimie kwa sauti, inamisha kichwa, pita. Kikaratasi kilitolewa kwa wote ili wewe usifedheheke, na ukishanyamazisha simu shauri limekwisha. Jinamizi likiendelea baada ya wiki kadhaa za usingizi mzuri, nenda zahanati ya chuo, na ofisi ya ushauri ya wanafunzi wa kigeni ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Chumba je? Usikisie, uliza. Wizara ya Ardhi ya Japani ilitoa mwongozo Oktoba 2021: mtu akijiua au akiuawa ndani ya nyumba ya kupanga, dalali anatakiwa amwambie mpangaji kwa muda wa miaka mitatu hivi. Aliyekufa kwa uzee au kwa maradhi, kwa kawaida hatajwi. Lakini mpangaji akiuliza mwenyewe, dalali anapaswa kusema anachokijua, hata kama miaka imepita. Mchukue mtu mwenye Kijapani kizuri, na kama mambo yatatengemaa mtu huyo ni M, mwende ofisini kwa dalali mkaulize waziwazi. Hawashangai, wanaulizwa kila siku. Ramani za mtandaoni zinazoonesha nyumba za namna hiyo zipo, ila yeyote anaweza kuandika humo, usizifanye ushahidi.

Mimi kwa maoni yangu kodi yako ni rahisi kwa sababu jengo ni kuukuu na dirisha linatazama makaburi, na Wajapani nao hawapendi kuamka wakiona makaburi. Hapo ndipo ninapotaka uulize swali la pili, ambalo mimi linanitia hofu kuliko mzimu wowote: jengo lilijengwa mwaka gani? Tetemeko la 1978 la Miyagi, mkoa wenye Sendai, liliitikisa Sendai vibaya, na baada yake sheria ya ujenzi ikakazwa, kuanzia Juni 1981. Ukiambiwa jengo ni la kabla ya hapo na halijaimarishwa, anza kutafuta pengine, popobawa awepo asiwepo. Ila usikurupuke. Kuhama huko, ukijumlisha dhamana, fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba, ada ya dalali na kampuni ya udhamini, huweza kukuondolea kodi ya miezi minne au mitano kwa mkupuo. Uliza kwanza bweni la chuo kama lina nafasi kwa muhula ujao.

Na mama. Nimepiga hesabu: Sendai iko mbele ya Pemba kwa saa sita. Ukizinduka saa tisa za usiku ukampigia huku unatetemeka, kwake ni saa tatu usiku, anajiandaa kulala, na unachompa ndicho anacholala nacho. Usimpigie tena saa hizo. Mpigie saa mbili usiku za kwako, Pemba ni saa nane mchana, ameshasali Adhuhuri na ameshakula. Zafarani akitaka kutuma mwache atume, hata isipoandika kombe itaingia kwenye pilau. Mwoneshe chumba chote kwa kamera, mpaka ndani ya kabati na chini ya kitanda, na dirisha la makaburini usimfiche.